Filta haiongezi kitu kwenye picha, inazuia tu

Ukishazoea kamera kidogo, shata (muda kamera inaopokea mwanga) unaijua, apecha (tundu la lenzi) unaijua, picha zimeanza kutoka vizuri, hapo ndo mkono unaanza kuwasha unataka kununua kitu, na kwa wengi wetu kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni filta. Ni ndogo, inakaa mfukoni, alafu zile picha za kabla na baada wanazoweka wauzaji zinakufanya uone kabisa kua hiki ndo kilichokua kinakosekana. Mi nlimfuata kaka mmoja anaepiga harusi miaka mingi nkamwambia "kaka naomba nitajie filta za kuanzia", nkitegemea anipe orodha, yeye akaniuliza "mdogo wangu, mwanga gani unakukera?" Nkamwambia hakuna unaonikera, nataka tu picha ziwe kali. Akacheka. Akasema basi endelea kupiga, siku mwanga ukikukera njoo tuongee.

Nliona kama ananificha siri ya kazi. Ila nlipokuja kuzishika zenyewe na kuzitumia nkaona lile swali ndo lilikua somo lenyewe, manake karibu filta zote, iwe ya bei gani iwe ya rangi gani, zina kazi moja tu, kuzuia. Hakuna filta inayoongeza mwanga wala rangi. Hata ile nyekundu inayofanya dunia nzima iwe nyekundu haijaongeza wekundu wowote, imezuia bluu na kijani, kilichobaki ndo hicho. Filta nyeusi inazuia mwanga wote kwa usawa. Polaraiza inazuia mwanga unaotetemeka kwa upande fulani. Sasa kama haujui unataka kuzuia nini, unanunua nini? Na mi nkajiongezea swali la pili, je hicho ninachotaka kukizuia naweza kukirekebisha baadae kwenye kompyuta? Kama naweza basi filta ya nini. Ukiyabeba hayo maswali mawili ukaenda nayo dukani, theluthi mbili ya kabati la filta inajifuta yenyewe.

Kabla sijaenda mbali tumalize la saizi, manake hapa watu wanapotea kizembe. Kwenye lenzi kuna namba mbili zote zimeandikwa mm na hazihusiani kabisa. Ile ya 18-55mm au 50mm ni urefu wa fokasi, hiyo achana nayo. Unayoitaka ni ile yenye kialama cha duara lililokatwa na mstari, ø, iko mbele kwenye lenzi au nyuma ya kifuniko chake, mfano ø58 au ø67. Hiyo ndo saizi ya thredi, zile njia za skrubu unazofungia filta, na zinazokutwa sana ni 49, 52, 55, 58, 62, 67, 72, 77 na 82. Ukiwa na lenzi tatu zenye saizi tatu usinunue filta tatu. Angalia lenzi yako yenye mdomo mkubwa kuliko zote, nunua filta nzuri moja ya saizi hiyo, alafu zile ndogo zinunulie pete za kuongezea saizi, vile vichuma vyembamba vinavyofunga huku 58 huku 77. Pete bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na filta. Kinyume chake haifai, yaani kulazimisha filta ndogo kwenye lenzi kubwa, utapata picha yenye pembe nyeusi. Kero pekee ya pete ni kwamba hudi ya lenzi (ile kola ya kukinga jua) haitaingia tena, kwa hiyo kwenye jua inabidi ukinge kwa mkono.

Haya, UV. Hii ndo filta utakayouziwa hata kama haujaomba, unanunua lenzi muuzaji anakwambia na hii ya kukinga. Enzi za filamu ilikua na kazi kweli, filamu ilikua inahisi mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo ukipiga milimani au baharini ule ukungu wa mbali unatoka na bluu ya ajabu, ukifunga UV unapungua. Kwenye kamera ya dijitali mbele ya sensa tayari kuna tabaka la kioo linalozuia UV na infraredi, na vioo vya lenzi yenyewe vinameza sehemu kubwa ya UV, kwa hiyo kwenye rangi ya picha hautaona tofauti. Imebaki kua kioo cha kinga basi. Sasa kama kinga inafaa? Inategemea uko wapi. Mchanga unaruka, maji ya chumvi yanaruka, watoto wanataka kugusa lenzi, funga bila kufikiria mara mbili. Na zipo lenzi ambazo mtengenezaji mwenyewe anasema kinga yake ya vumbi na maji haijakamilika mpaka ufunge filta mbele. Ila kwa kuanguka mi siiamini sana, kile kioo ni chembamba kuliko kioo cha mbele cha lenzi kwa hiyo kinapasuka kirahisi na wewe unabaki unasema "aisee filta imeniokolea lenzi" kumbe lenzi ingeweza isiumie hata kidogo. Hudi ya plastiki inapokea kishindo vizuri zaidi.

Na usiku itoe. Hii naisisitiza. Kioo kisicho na kotingi (tabaka jembamba la kupunguza mng'ao) kila uso wake unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na filta ina nyuso mbili. Mchana hauoni, ila usiku ukipiga taa za barabarani au jukwaa utakuta vidoa vya mwanga vimeelea kwenye sehemu nyeusi ya picha, na ukivichunguza ni zilezile taa zimegeuzwa kichwa chini upande wa pili wa katikati ya picha. Mwanga umefika ndani, umerudi ukagonga filta, umerudi tena ndani. Kama unabishana na mtu kuhusu hili mwambie apige taa akiwa na filta alafu aitoe apige tena bila kusogeza kamera, mjadala unaisha. Filta zenye kotingi nyingi zinapunguza sana hilo tatizo, ndo maana kama unanunua UV nunua yenye kotingi au usinunue kabisa. Haina maana kuweka kioo cha ovyo mbele ya lenzi uliyojinyima ili uipate.

Sasa tuje kwenye polaraiza, CPL, hii ndo filta naipenda kuliko zote na ndo ilinifundisha kuangalia mwanga, sio kupiga tu. Ina vioo viwili kwenye pete inayozunguka, unafunga kwenye lenzi alafu unazungusha ya mbele huku unaangalia kwenye skrini, na unaona kabisa mng'ao unapotea na kurudi. Watu wanaijua kwa anga, kwamba inafanya anga iwe bluu iliyokolea na mawingu yaruke. Kweli inafanya, ila sio popote. Inafanya kazi sana kwenye ile sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na ukielekea kwenye jua lenyewe au ukaliweka mgongoni moja kwa moja utazungusha mpaka uchoke na hakibadiliki kitu. Njia ya kupima ni vidole, tengeneza bastola kwa mkono, kidole cha shahada kielekeze kwenye jua, dole gumba limesimama, alafu zungusha mkono kama unafungua bomba. Kote dole gumba linakopita ndo kuna anga itakayokubali. Toka nijifunze hiyo naijua picha hata kabla ya kufunga filta.

Tahadhari kama una lenzi pana, za 24mm kushuka chini kwa hesabu ya fremu nzima, yaani kamera zenye sensa kubwa za full frame. Lenzi inaona anga nyingi mno kiasi kwamba sehemu moja iko kwenye nyuzi 90 na nyingine haipo, matokeo yake anga inatoka na kiraka cha bluu nzito katikati na pembeni imepauka. Kukirekebisha hicho kiraka kwenye kompyuta ni adhabu. Kwa lenzi pana usizungushe mpaka mwisho, zungusha nusu. Na panorama za kuunganisha usitumie kabisa, kila kipande kitatoka na anga yake.

Ila ukiniuliza mimi, anga sio sababu ya kununua polaraiza, anga unaweza kuikoleza kwenye kompyuta na hakuna atakaejua. Sababu ni majani. Mvua imetoka kunyesha, kuna wingu, hakuna jua kabisa, unapiga msitu au bustani, kwa macho unaona kijani ila picha inatoka na majani yana weupe weupe kama yamepakwa maziwa. Ule weupe ni anga ya wingu inajiakisi kwenye unyevu wa majani. Zungusha CPL na kijani chote kinatoka, kile cha ndani kabisa. Wengi wanaamini bila jua haina kazi, mi naona siku ya wingu ndo siku yake. Na hii hakuna programu itakayokurudishia, manake rangi iliyokua chini ya ule mng'ao haijaingia kwenye sensa, utaongeza kijani gani wakati pale pamerekodiwa weupe? Hapo lile swali langu la pili linajibika vizuri.

Maji na kioo ni hivohivo, na hapa kuna kitu cha pembe. Mng'ao kwenye maji unakatika karibu wote ukiangalia maji kwa pembe ya kama nyuzi 37 kutoka usawa wake, kwenye kioo cha dirisha kama nyuzi 34. Alieifanyia kazi hiyo hesabu ni Mskoti David Brewster mwaka 1815, na hauhitaji kubeba kipima pembe, we jua tu kua ukisimama juu kabisa unaangalia chini wima haitafanya kazi, na ukilala usawa wa maji haitafanya kazi vizuri pia, ni pale katikati. Kwa hiyo kama unapiga samaki au mawe yaliyo chini ya maji na filta inagoma, usizungushe zaidi, sogea. Chuma kitupu nacho kinagoma, mng'ao wa chuma hausikii polaraiza. Gari inakubali kwa sababu kinachong'aa ni rangi na vanishi ya juu, ila haitakubali mwili mzima kwa mpigo, boneti iko pembe hii mlango uko pembe ile, chagua unachotaka. Na usishangae vioo vya madirisha ya nyuma ya gari vikitoka na madoa madoa kwa mpangilio, ni mikazo ya kioo iliyotokea wakati kinapoozwa kiwandani, kwa macho haionekani sana lakini polaraiza inaianika. Dirisha la ndege ndo kabisa, linatoka na mistari ya rangi za upinde wa mvua, ukipanda ndege itoe.

Kwenye watu naitumia kwa akili. Ngozi yenye jasho au mafuta inang'aa, na CPL inapunguza huo mng'ao vizuri tu, inakuokolea muda wa kusafisha picha. Ila ukiua mng'ao wote uso unakua bapa, hauna uhai, hasa ngozi nyeusi ambayo umbo la uso linaonekana kwa ule mwanga unaoteleza juu yake. Mi nazungusha mpaka naona mng'ao wa paji umetulia, alafu narudisha kidogo. Upinde wa mvua wenyewe ni kituko, ukizungusha hivi unakolea, ukizungusha vile sehemu yake inapotea kama haikuwepo, kwa hiyo siku ukiuona upinde na umefunga CPL zungusha kwanza ndo upige.

Vitu vidogo vya CPL ambavyo nlivijua kwa kuitumia tu: ukigeuza kamera kutoka kulala kwenda kusimama, athari yote inabadilika, inabidi uzungushe upya, kila mara. Zungusha kwa upande wa kukaza, ukizungusha upande wa kulegeza siku moja utabaki nayo mkononi au itaanguka. Inakula mwanga, stopu moja na nusu mpaka mbili hivi (stopu moja ni mwanga kupungua nusu), kwa hiyo ukiingia ndani au jua likizama itoe, usibaki unapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila sababu. Na dukani ipime, nenda mbele ya skrini ya kompyuta ya LCD, upande wa mbele wa filta uelekee skrini, we chungulia kwa upande wa thredi, alafu izungushe, skrini inatakiwa ififie mpaka karibu nyeusi kabisa. Kama haififii umeshika kioo cha miwani. Utakutana pia na polaraiza za zamani za linia, bei rahisi, hizo kwenye kamera za kioo yaani DSLR zinachanganya otofokasi na kipima mwanga ndo maana ikatengenezwa hii ya sakula yenye tabaka la ziada nyuma. Kwenye mirrorless, yaani kamera zisizo na kioo hicho ndani, za linia kwa kawaida zinafanya kazi.

Filta za ND sasa, miwani ya jua ya kamera. Hizi haziibagui rangi wala pembe, zinapunguza mwanga wote, ili uweze kuacha shata wazi muda mrefu hata mchana na vitu vinavyotembea, kama maji, vitoke laini kama moshi. Kilichonichanganya mwanzoni ni majina, kampuni moja inaandika ND8, nyingine 0.9, nyingine stopu 3, na zote ni kitu kilekile. Kila stopu moja ni 0.3 na ni mwanga kugawanywa kwa mbili. ND2 ni stopu 1, ND4 ni 2, ND8 ni 3 ambayo ndo 0.9, ND64 ni stopu 6 yaani 1.8, ND1000 ni stopu 10 yaani 3.0. Basi, ukishika hiyo hauchanganyikiwi tena.

Mtu anauliza si nifunge tu apecha mpaka f/22 nipate shata ndefu bila kununua kitu? Unaweza, ila kwenye f/22 picha nzima inalainika kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika, na jua la mchana hata f/22 haitoshi. Kwa ND1000 hesabu ni rahisi mno, piga bila filta uone shata inayokubali, alafu gawa 1000 kwa namba ya chini. Ilikua 1/125? Sekunde 8. 1/250? Sekunde 4. 1/60? Kama 16 au 17. Ukifika 1/30 unavuka sekunde 30 ambazo ndo mwisho wa kamera nyingi, unaingia kwenye modi ya balbu, ambayo shata inabaki wazi mpaka wewe uifunge, na rimoti na kuhesabu mwenyewe kwenye simu.

Mpangilio wa kazi ndo kila kitu hapa. Kamera kwenye stendi, panga picha, fokasi kwanza, hamisha fokasi iwe ya mkono ili isije ikaanza kutafuta gizani, zima kile kitu cha kutuliza mtikisiko, ndo ufunge filta taratibu bila kugusa ringi ya fokasi. Filta ikishafungwa kamera karibu haioni kitu. Kama ni DSLR ziba kile kitundu cha kuchungulia manake kwenye shata ndefu mwanga unaingilia nyuma na kuharibu picha. Na usishtuke kamera ikikaa kimya baada ya shata kufunga, kama umepiga sekunde 30 na umeacha ile seti ya kupunguza chenga (vidoa vidoa) za shata ndefu, inapiga picha nyingine nyeusi ya sekunde 30 ili ipate chenga za kutoa, usiizime ukidhani imekwama, iache imalize. ND nyingi za bei ya chini zinatoka na rangi ya kahawia au zambarau kwa kua hazizuii infraredi vizuri, ukipiga RAW (faili ghafi la kamera) unarekebisha sehemu kubwa kwa waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga), ukipiga JPEG (faili ambalo kamera imeshalichakata) pole.

Maoni yangu ambayo hayapendwi na wengi: maji ya moshi yamezidi. Kila maporomoko duniani yanapigwa sekunde 20 yanatoka yaleyale. Maji ninayoyapenda ni ya kama nusu sekunde mpaka sekunde moja, yanakua na mwendo lakini bado unaona yanavogonga jiwe. Kwa hayo hauhitaji ND1000, kivulini 1/15 ukifunga ND8 inakupa nusu sekunde, na mara nyingi CPL peke yake jioni inatosha, inakata mng'ao wa mawe na inakupa stopu mbili za bure. ND1000 iache kwa mawingu yanayokimbia na kwa sehemu yenye watu wengi wanaopita, ukipiga dakika moja au mbili wanaotembea wanafutika, wanabaki waliosimama. Hiyo bado inanifurahisha kila nikiifanya.

Wanaopiga video ND kwao sio anasa. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde shata inatakiwa iwe kama 1/50 ili mwendo uonekane wa kawaida. Jua kali, ISO 100, kwenye f/16 shata ni kama 1/100, wewe unataka nyuma ifutike unafungua f/2.8, hizo ni stopu 5, shata imeruka mpaka 1/3200. Kurudi 1/50 ni stopu 6, hiyo ni ND64 kamili. Hapo ndo watu wanakimbilia ND za kuzungusha, filta moja inatoka stopu 2 mpaka 5 au zaidi. Ni polaraiza mbili zimekaa pamoja zinazibana mwanga kwa kuzungushwa, kwa video ni raha, ila usizipeleke mpaka mwisho kwenye lenzi pana utaona msalaba mweusi wa X katikati ya picha, na vile ni polaraiza, mng'ao wa vitu nao unabadilika unavozungusha hata kama haukutaka.

Onyo moja la kweli kuhusu ND. ND1000 sio ya kuangalia jua. Kwa kupatwa kwa jua kuna filta maalum za jua zinazopunguza mwanga mara 100,000, ukichungulia jua kwenye kitundu cha DSLR kwa ND1000 unaliweka jicho lako rehani, picha inaweza kutoka sawa na jicho likawa limeungua.

Zile za nusu nyeusi nusu nyeupe, GND, nazipita haraka. Wazo ni zuri, anga kali juu unaipunguza, ardhi unaiacha, na kwa machweo kwenye bahari ambako mstari umenyooka zinapendeza. Ila milima, miti na majengo haviufuati mstari wa filta, vinatoka na vichwa vyeusi. Kamera za sasa zina nafasi kubwa kwenye RAW, na unaweza kupiga picha mbili tatu za mwanga tofauti ukaziunganisha. Kwa anaeanza sioni haja, alafu ule mzigo wa holda na vioo vya mraba vya 100mm ni begi jingine kabisa.

Za rangi ndo kabisa. Zamani kulikua na 80A ya bluu kwa ajili ya filamu ya mchana ukipigia chini ya balbu za njano, na 85B kinyume chake, kazi hizo zote sasa ziko kwenye waiti balansi. Ila zina heshima yake. Mpiga picha Ansel Adams mwaka 1927, kule kwenye jabali la Half Dome kwenye mbuga ya Yosemite Marekani, alibakiwa na sahani mbili za kioo za kupigia, ya kwanza akaipiga na filta ya njano, akaona anga haitatoka na uzito alionao kichwani, ya mwisho akafunga filta nyekundu iliyokolea, anga ikatoka karibu nyeusi na jabali likasimama. Alijua anataka kuzuia bluu kabla hajabonyeza. Leo kwa dijitali usifunge nyekundu, robo tu ya vitone vya sensa ndo vinapokea nyekundu, vingine vitakaa gizani, piga kwa rangi kamili alafu kwenye programu ya kugeuza nyeusi na nyeupe shusha bluu, matokeo yanakaribiana sana.

Filta pekee ya urembo ninayoiheshimu ni zile za ukungu, zenyewe zinautawanya mwanga badala ya kuuzuia, zinafanya taa ziwe na duara laini la mwanga, wenye video za usiku wanazipenda. Ukichukua, chukua ya nguvu ya 1/8, ya nusu kwenda juu kila uso unaonekana umepigwa kupitia kioo chenye mvuke. Na haifutiki baadae.

Mwisho usafi na kukwama. Filta inakaa mbele kwa hiyo ndo inashikwa na vidole, anza na pampu ya hewa kutoa mchanga, ndo upumulie kidogo na kupangusa kwa kitambaa cha maikrofaiba, ukianza na kitambaa unaukokota ule mchanga juu ya kotingi. Usifunge filta juu ya filta isipokua umelazimika, pembe zinaanza kua nyeusi na vioo vinaongeza mng'ao, na hapo ndo kukwama kunapotokea. Ikikwama usiibane kwa nguvu kwa vidole viwili, pete ni nyembamba, ukiibana inakua yai na inakaza zaidi. Zungushia mpira wa kufungia pembeni yake, ishike kwa wepesi kwa vidole vingi kuizunguka yote, alafu fungua. Ikigoma, kama pete yake imetokeza kuliko kioo, ilaze kifudifudi juu ya soli safi ya raba au mkeka wa mpira, bonyeza kidogo tu, zungusha lenzi yenyewe. Pete za brasi zinakwama kidogo kuliko za aluminiamu, ndo moja ya sababu zina bei. Mafuta usipake hata tone, yatatembea mpaka kwenye kioo.